Mzee Aliyezima Mawimbi kwa Beleshi

Siku ya kwanza Mzee wa Mfereji kunisemesha, alinisemesha kwa mpini wa beleshi. Nilikuwa nimeinama napima upana wa mfereji kwa kamba, akaja kwa nyuma, akanichapa mgongoni hadi nikala matope. Nilipogeuka kumtukana nikaona mzee mwembamba, kofia ya sufu imefunika masikio, macho mekundu kwa moshi wa kuni, na beleshi limeshainuliwa tayari kwa pigo la pili.

"Hayo mawe unakanyaga yaliwekwa kabla mama yako aolewe," akasema. "Toka!"

Nikatoka. Mimi si mwoga, na wakati huo nilikuwa kijana wa kubeba mfuko wa simiti kila bega, lakini nikatoka. Kuna watu ukiwatazama mara moja unajua kwamba hawatishi, wanafanya. Mzee huyu alikuwa wa hao. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, kwenye karatasi iliyomfukuza kazi, na sitaliandika hapa. Sisi wote tulimwita Mzee wa Mfereji, hata mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika.

Kazi yake ilikuwa kutunza maji. Juu kule, karibu na msitu, mto uligawanywa kwa geti la chuma, na sehemu ya maji ikateremshwa kwa mfereji mrefu, mkali wa mteremko, katikati ya mashamba ya chai upande huu wa Kimulot, hadi kwenye tangi kubwa bondeni. Kutoka kwa tangi maji yalizungusha mtambo wa umeme wa kiwanda cha majani. Mfereji ulikuwa wa mawe ya mto, yamepangwa kwa mkono, yamejaa kuvu na nundu. Mzee aliyajua mawe hayo moja moja.

Mimi ni Mkisii, fundi wa mjengo. Nilikuja kwenye nchi hii ya chai kufuata kazi, nikapata mke, nikapewa chumba kule kambini kwa wafanyakazi, nikakaa. Sifa yangu ilikuwa niru. Plasta kila mtu anapiga, lakini ile simiti laini ya mwisho, ile unapitisha mwiko wa chuma mara mia hadi ukuta unang'aa, hiyo niliwashinda wote. Nikimaliza kazi huwa naweka shavu langu juu ya ukuta, na nikisikia hata chembe moja ya mchanga, naanza upya. Watu walinicheka kwa hilo, na mimi nilijisikia sana. Ndiyo maana meneja alinitafuta mimi alipotaka mfereji wake upakwe simiti kutoka juu hadi chini. Mawe yanavujisha maji, alisema, na wageni wanakuja.

Sasa niseme habari ya mikono ya Mzee, kwa sababu ndiyo ilijulikana kuliko uso wake. Alikuwa na vidole vinane. Viwili vililiwa na geti siku moja mafuriko yalipolisukuma, na wanasema alivifunga kwa kitambaa, akamaliza kufunga geti, ndipo akaketi chini. Kwa vidole hivyo vinane alipiga watu bila kuchagua. Alimpiga mchungaji aliyenywesha ng'ombe kwenye mfereji, akamvunja mfupa wa bega. Ng'ombe wenyewe aliwapapasa na kuwaongoza nje taratibu, akiwaomba msamaha kwa Kikipsigis. Alimpiga mpimaji ardhi. Alimtupa ndani ya maji mwanawe mwenyewe, mtu mzima mwenye mke, kwa kosa la kurusha gunzi la hindi mferejini. Meneja alikuwa akiongea naye kutoka ndani ya gari, kioo kikiwa nusu.

Na jioni mtu huyohuyo ungemkuta nje ya nyumba yake akimmiminia mke wa mwanawe mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, kwa kikombe, kwa mikono miwili, kana kwamba yeye ndiye mgeni. Yule mama alikuwa mchuna majani, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Alikuwa mtu pekee aliyemtania. "Boiyot, leo umeua wangapi?" angeuliza akipita na kikapu chake, akimwita mzee kwa Kikipsigis. Mzee angecheka hadi akohoe. Mimi nilishangaa sana mara ya kwanza kusikia kicheko hicho, maana nilikuwa bado nina alama ya mpini mgongoni.

Alikuwa na maneno yake. Ukimwambia mahali fulani kumetulia, angekuuliza, "Kumetulia tangu lini?" Ukimwonyesha ukuta uliobomoka, hakuangalia ukuta, alianza kupanda mlima. "Pale imevunjika hakuna habari," angesema. "Habari iko pale ilianza." Na juu ya maji alikuwa na mafundisho ambayo sijayasikia kwa mtu mwingine. Alishika mkono wangu siku moja kwa nguvu, akauzamisha mferejini hadi kwenye jiwe.

"Unasikia?"

"Nasikia baridi."

"Wewe ni ng'ombe. Maji yanayogusa jiwe hayaendi popote. Yamelishika. Yale ya juu yanakimbia. Katikati kuna utando mwembamba, wa chini unavuta, wa juu unasukuma. Hapo ndipo vita viko. Jiwe likiwa na nundu, maji yanapigana kidogokidogo kila hatua, yanachoka. Jiwe likiwa laini hayachoki. Yanaweka hasira."

Nilimcheka moyoni. Mimi fundi, mzee asiyejua kusoma anifundishe ulaini!

Alinieleza pia kwamba zamani aliwahi kutembelewa na injinia, mama mmoja kijana kutoka chuo, aliyekaa siku nzima akitazama maji. Hakumpiga. Alimpa chai. Yule mama akamwambia kwamba vita hivyo viko hata juu ya bawa la ndege, hewa iliyoshika bawa na hewa inayokimbia, na kwamba mtetemo mdogo usiouona ukikua mpaka kipimo fulani haufuati tena hesabu ya mwanzo. "Nikamuuliza," Mzee akasema, "na huko juu nani anashika peleshi?" Beleshi aliliita peleshi. Injinia alicheka sana, lakini Mzee hakuwa anatania.

Kwa sababu kweli alikuwa akitumia beleshi. Nilipomaliza kupaka zile hatua mia za kwanza, niru yangu imekauka, inameta, alinipigia mluzi nije nione. Akafungulia maji kidogo tu, unene wa vidole viwili. Yalishuka juu ya simiti yangu kama kioo. Nikajivuna. Halafu kwenye hatua ya ishirini nikaona mikunjo, midogo, kama ile ya paji la uso la mtu anayefikiri.

Mzee akaingia ndani, akainamisha beleshi, midomo ikihesabu. Kila mkunjo ulipomfikia aligusa maji kwa ncha, kinyume chake, kidogo tu. Mkunjo ukafa. Chini yake maji yakawa tambarare. Alifanya hivyo mara tano, sita, bila kukosea, na nitakuwa mwongo nikisema sikupendezwa. Kisha akaruka nje, akashuka mbio hadi mwisho wa simiti yangu, akaingia tena.

"Sasa tazama!"

Pale chini mikunjo haikuwa mikunjo tena. Mmoja ulikimbia ukamkuta mwenzake, ukammeza, ukawa mnene, na kwa sababu umekuwa mnene ukakimbia zaidi, ukameza wa tatu. Kilichomfikia Mzee kilikuwa kigongo cha maji chenye povu mbele. Alikigusa kwa beleshi vilevile, kwa hesabu ileile. Kikamrukia usoni, kikampita, kikaendelea na safari yake.

"Ona," akasema, anatema maji. "Hiyo ni hatua mia. Mpaka kwa tangi ni hatua ngapi? Na pale kwa kona watu wanavuka. Acha mawe yangu."

Nikamjibu jibu ambalo naamka nalo hadi leo. "Mzee, hiyo ni mikunjo ya urembo tu. Maji mengi yakija itapotea."

Akanipiga. Mara hii nilimpiga pia, Mungu anisamehe, tukaviringishana kwenye matope mpaka wachuna majani walipotutenganisha. Mke wa mwanawe ndiye aliyenishika mimi kiunoni, akiniambia, "Fundi, wacha, wacha, ni mzee." Meneja alisikia, akamwandikia Mzee onyo. Mimi nikamaliza mfereji. Niliweka shavu juu ya simiti kila siku jioni, kutoka juu hadi kwa tangi, na hakukuwa na chembe hata moja.

Mvua ilipokuwa nyingi, nilionekana nimesema kweli. Maji yalijaa, yakashuka kimya. Wageni wakaja wakapiga picha. Kisha kiangazi kikaingia, mto ukapungua, na meneja akaamuru geti lifunguliwe robo, siku nzima, ili mtambo usisimame.

Kwenye kona, juu kidogo ya tangi, kulikuwa na magogo mawili ambayo wachuna majani walivukia kwenda kupima majani yao. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa bondeni najenga stoo, nikasikia mlio ambao nilidhani ni lori. Mfereji ulikuwa ukipiga. Nikasimama nikaona vigongo vikishuka, kimoja nyuma ya kingine, vimeshakula wenzao wote wa juu, vimefika kiunoni kwa mtu, na kila kimoja kikifika kona kinapanda ukuta na kuruka nje. Mke wa mwanawe Mzee alikuwa katikati ya magogo, kikapu kimejaa mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Kigongo cha kwanza kilimvunja magoti. Cha pili kikamchukua. Alipiga kelele mara moja. Ile simiti haikuwa na pa kushika. Nilimwona akiikwaruza kwa kucha zote kumi, na mkono ukiteleza juu ya kazi yangu kana kwamba hakuna ukuta pale. Maji yakamgonga kwenye nondo za tangi, yakaendelea kumgonga, kigongo baada ya kigongo, mpaka Mzee alipofika mbio kutoka juu na kujitupa ndani.

Alimtoa mwenyewe, kwa vile vidole vinane. Kichwa cha yule mama sitakieleza.

Watu walijaa haraka. Mwanawe Mzee alikuja kutoka kupogoa chai, na panga la kupogolea mkononi, akapiga magoti, akainuka, na hakuwa tena mtu unayeweza kuongea naye. Mama mmoja akasema, "Haya maji hayakuwa hivi kabla ya simiti." Hilo lilikuwa kweli. Mwingine akauliza, "Simiti aliweka nani?" Wakanigeukia. "Si huyu hapa." "Huyu Mkisii." Nikaona duara linafunga. Kisha sauti kutoka nyuma, sijui ya nani, ikasema, "Na wengine wako kule kambini, kila siku wanaongezeka." Kambini, mke wangu alikuwa ananyonyesha. Jiwe la kwanza likanipata sikioni.

Mzee alikuwa ameketi na maiti mapajani. Akainua kichwa akawatazama watu, na naapa nikaona midomo yake ikihesabu. Akalaza kichwa cha yule mama chini taratibu, akasimama, akatupa beleshi lake katikati yetu.

"Ni mimi!" akapaza sauti. "Nilifungua geti yote mara moja, halafu nikarudisha. Nilikuwa na hasira na meneja. Fundi hajui kitu. Mimi ndiye nimemuua."

Kila mtu alimwamini. Nani angekataa? Hasira zake walizijua wote, nusu yao walizibeba miilini. Mwanawe akamgeukia, akampiga kwa bapa la panga mdomoni, meno yakatoka. Akampiga tena. Mzee hakuinua mkono. Ndiyo siku pekee niliyomwona akipigwa bila kurudisha, na alikuwa akinitazama mimi juu ya bega la mwanawe, damu ikimtoka, akinionyesha kwa macho njia ya kambini. Wanaume wakaingia kati kuamua baba na mwana, wanawake wakaanza kulia, na mimi nikasahaulika.

Nikaenda kwa mke wangu. Nikanyamaza.

Nilinyamaza Mzee alipowekwa ndani, na alipotoka meneja akisema ilikuwa ajali, lakini kazi hakuna. Nikanyamaza mwanawe alipomkataza kukanyaga kaburini, na mke wa Mzee alipofunga vitu vyake akaondoka. Mzee alihamia Soin, kule chini kwenye joto, na hapakuwa na mtu aliyeuliza ni upande gani. Mimi niliendelea kupiga niru. Nikijengea mtu jikoni, akinisimulia habari ya mzee katili aliyemuua mke wa mwanawe kwa hasira, nasema, "Pole sana," na kupitisha mwiko. Miaka saba hiyo.

Mwaka huu nilienda. Sijui kilichonisukuma, labda binti yangu alipofikia kimo cha kuvuka yale magogo peke yake. Niliulizia Soin mpaka nikaonyeshwa nyuma ya duka la mbegu. Alikuwa amechuchumaa kwenye kishamba cha sukuma wiki, anapanga mawe ndani ya mfereji mdogo wa kumwagilia, usiozidi mkono kwa upana. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Kofia ya sufu bado, kwenye jua lile!

"Chamgei, Mzee," nikamsalimia kwa Kikipsigis.

"Mising." Alinijua kwa sauti. Hakusimama.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, yote yakatoka kwa fujo. Nikamwambia ni mimi niliyemuua, aliniambia nikakataa, alijitwika mzigo wangu na mimi nikamwachia, nimekuja kuomba msamaha. Nililia, sioni aibu kusema. Yeye aliendelea kugeuza jiwe, akitafuta upande wenye nundu.

"Bado iko?" akauliza.

"Nini, Mzee?"

"Ile niru."

Nikamwangalia. "Bado iko."

"Na watu wanavuka?"

"Wanavuka. Waliweka kibao cha kuonya."

Alisimama polepole, akishikilia mpini. Nilijua kinachokuja na sikusogea. Alinipiga begani, akanipiga mbavuni, akanipiga mahali palepale mgongoni pa siku ya kwanza, na ingawa nguvu zilikuwa zimemwisha, nilipiga magoti.

"Miaka saba!" alikuwa akipumua kwa filimbi kupitia pengo la meno. "Miaka saba maji inapita hapo, watoto wa watu wanavuka, na wewe unaniletea mimi pole! Mimi nifanyie nini pole? Nilizima ile hasira ya watu. Ile ya maji niliachia wewe."

Akaketi juu ya ukingo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kazi, "Anzia juu. Ukianzia chini hutaweza."

Nilirudi na tindo na nyundo. Nilianzia kwenye geti, maji yakinipita vifundoni, nikaanza kutoboa simiti yangu mwenyewe, tundu, nundu, tundu, nundu. Meneja wa sasa alimtuma askari wa zamu kuniuliza nina wazimu gani. Nikamwambia aende amlete meneja mwenyewe nimweleze mbele ya watu, na alipokuja nikamweleza mbele ya wachuna majani wote waliokuwa karibu. Habari zikashuka mlima kabla yangu.

Siku ya tatu, kivuli kikasimama juu yangu. Alikuwa ni mwanawe Mzee, nywele zimeingia mvi, na panga lake la kupogolea mkononi.

"Wanasema umesema maneno," akaniambia.

Nikaweka nyundo chini. Nikamwambia yote, kutoka kwa ule mkunjo wa kwanza kwenye hatua ya ishirini, na jibu langu la urembo, na kile alichokifanya baba yake pale kwa tangi, na kwamba geti halikufunguliwa zaidi ya robo siku ile. Alinipiga kabla sijamaliza, kwa ngumi, nikaanguka chali ndani ya maji, kichwa kikagonga simiti. Nikamalizia nikiwa hapohapo chini, kwa sababu nisingemaliza wakati huo nisingemaliza tena.

Alibaki amesimama, kifua kikipanda na kushuka. Panga lilikuwa bado mkononi. Alikuwa akitazama zile hatua thelathini nilizokwisha kuchimba, maji yakikwaruzana na mashimo, yakichafuka kidogokidogo, bila mkunjo.

"Soin upande gani?" akauliza.